Bahasha yangu ilikuwa inahudhuria ibada kuliko mimi

Jamani kila mtu siku hizi analalamika kanisa limepoa, mara wachungaji wanapenda hela mara waumini wanakimbilia mafuta na maji ya upako, na kweli yapo, Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta. Ila leo sitaki kuongelea wachungaji, wameshasemwa vya kutosha. Naongelea mimi.

Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, KKKT damu. Kama unasali kwetu basi habari ya bahasha unaijua, kila msharika ana bahasha zake za ahadi zenye namba. Yangu ni 214. Mwaka juzi nikaacha kwenda ibadani kama miezi saba hivi, sio kwamba nimeasi, nilikuwa najisemea kazi nyingi, foleni, aah nitaangalia laivu. Na kweli nilikuwa nafungua, napiga pasi nguo za wiki huku mahubiri yanaendelea, ikifika sadaka natuma kwa simu naandika na namba ya bahasha. Hakuna aliyepiga kuuliza uko wapi. Mwisho wa mwaka ikaingia meseji ya kunishukuru kwa uaminifu wangu. Uaminifu! Bahasha haijakosa hata Jumapili moja, mwenye bahasha hayupo.

Nikacheka, halafu nikanuna kabisa, nikasema nahama naenda kwenye haya makanisa ya taa na skrini kubwa. Nikampigia bibi yangu Bukoba nimlalamikie.

Sasa bibi ni mlokole wa ule uamsho wenyewe, ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukaingia kwao, hata hili neno mlokole tunalotaniana nalo limetoka kwa Waganda, maana yake tu aliyeokoka. Akanisikiliza weee, halafu akaniambia zamani mtu akiokoka anasimama mbele za watu anasema jembe la fulani niliiba mimi, na asubuhi yake mnamuona njiani jembe liko begani analirudisha. Baba yake mwenyewe alimrudishia jirani debe la kahawa, yeye akiwa mtoto anamfuata nyuma. Akaniuliza, "Na wewe mjukuu wangu, una jembe la nani?"

Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika.

Maana ukweli sikuacha kanisa kwa sababu ya foleni. Nilikopa laki mbili na nusu kwa mama mmoja tunaimba naye kwaya, anauza vitenge, nikaahidi mwezi mmoja, mwezi ukawa minne, nikaanza kukaa siti za nyuma, nikaanza kutoka kabla ya mnada wa kuku na ndizi za sadaka nisikutane naye nje, mwisho nikaona bora laivu maana laivu haidai mtu.

Kwa hiyo wewe unayesema kanisa la siku hizi ni maigizo, sikupingi, ila kabla hujahama jiulize pale unamkimbia nani. Mathayo 5:23-24 tunaijua wote, acha sadaka yako madhabahuni nenda kapatane kwanza, ila sisi tumegeuza tunatuma sadaka kwa simu na kupatana tunaahirisha. Na kama unasali sehemu ya watu elfu mbili tafuta jumuiya, ile ya nyumba kwa nyumba ya watu kumi na mbili, pale usipokuja wiki mbili kuna mama atakugongea mlango utake usitake. Inakera, najua. Na nyie wazee wa kanisa, mkikagua bahasha kagueni na viti basi.

Mimi nilienda dukani kwa yule mama wa vitenge Jumamosi moja na laki moja mkononi, maneno ya kuomba msamaha nimeyapanga kuanzia kwenye daladala. Nikaanza kuongea, hata hakunisikiliza vizuri, alikuwa anampimia mteja. Alivyomaliza akazihesabu zile hela mara mbili, akatoa daftari chini ya meza, akakata mstari.

"Bado moja na nusu," akasema. "Jumatano jumuiya iko kwangu. Uje na kiti, vya kwangu havitoshi."