Boksi la mbao la kupandia mboga, mambo ya kujua kabla hujashika msumeno

Boksi langu la kwanza nililitengeneza kwa mbao za paina, nikalipiga rangi ya mafuta ya kijani mikono mitatu, linang'aa mpaka majirani wanapita wanauliza nimenunua wapi. Masika ya pili nikabonyeza kitako kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye mhogo uliochemka. Nje rangi iko vilevile, ndani mbao nyeusi imelainika, na misumari imeliwa na kutu mpaka imebaki miembamba kama sindano. Nililifumua taratibu nione kilitokea nini, na nilichokiona siku ile ndo msingi wa haya yote ninayowaandikia nyie mnaoanza. Rangi haikuliokoa lile boksi kwa sababu maji hayakutoka nje kuja ndani, yalitoka kwenye udongo kwenda nje. Unamwagilia kila jioni, udongo unakaa na unyevu, mbao inakunywa, afu ikitaka kupumua inakutana na ngozi ya rangi ya mafuta imeziba kila sehemu. Jua likipiga, ule unyevu unasukuma rangi kutoka chini, ndo hayo malengelenge unayaona, na pale lengelenge lilipopasuka maji ya mvua nayo yanapata mlango.

Kwaiyo ukiniuliza kazi ya boksi ni nini nitakwambia ni kuyapa maji njia ya kutoka, mambo ya rangi yanakuja baadae sana.

Tuanze na mbao. Hapa Dar utakutana sana na paina ya Mufindi, nyepesi, bei inavumilika, inakatika vizuri hata kwa msumeno wa mkono. Tatizo lake haina ubishi na udongo mbichi, ikigusa ardhi bila kinga haifiki miaka mitano. Mtiki ni mzuri zaidi, una mafuta yake ya asili, mchwa hawaupendi, na kama kuna karakana ya fenicha jirani yako pita uulizie vipande vilivyobaki, mara nyingi vinatosha boksi dogo. Mninga achana nao kwa kazi hii, ni mti wa kitanda na meza, kuujazia samadi naona ni kuuonea.

Afu kuna zile mbao za dawa, za kijanikijani. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Dawa ya zamani inayotumika sana kwenye nguzo na mbao za paa ina shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Kama unapanda maua tu, sawa, ila kama unapanda mchicha wa kula na watoto mimi siitumii, na kama ndo mbao pekee uliyonayo basi weka nailoni nene ndani isigusane na udongo. Na vile vipande vinavyobaki usimpe mama ntilie akapikie!! Moshi wake na majivu yake vinabeba ile sumu. Nimeshaona mtu anagawa mfuko mzima kwa moyo mweupe kabisa, hajui. Vilevile oili chafu ya gari, wengi wanapaka mbao kuzuia mchwa, kwenye uzio ni shauri lako ila kwenye boksi la mboga hapana kabisa.

Ukifika kwa wauza mbao usikubali kuchaguliwa. Inua kila mbao, funga jicho moja uangalie kwa urefu kama umeshika bunduki, iliyopinda utaiona hapohapo. Ishike, kama ni ya baridi na nzito kuliko wenzake bado mbichi, na mbao mbichi ukiipigilia leo ikija kukauka inasinyaa kwa upana wake (kwa urefu haisinyai kitu cha kuhesabu) ndo unakuta mwanya kati ya mbao na mbao ambao jana haukuwepo. Mimi nikinunua nazipanga nyumbani kivulini, kati ya mbao na mbao naweka vijiti hewa ipite, naziacha wiki mbili tatu. Inachosha kusubiri najua, ila kasoro nyingi ninazozijua zilianzia kwenye haraka ya siku ile ile.

Vipimo ninavyovitumia mpaka leo ni boksi la sentimita 115 kwa 40, kwenda juu mbao mbili za 1x8 (yaani unene inchi 1, upana inchi 8). Mbao ya futi 12 ni kama sentimita 366, watu wanaona rahisi wagawe kwa tatu wapate 122, wanasahau msumeno nao unakula kama milimita 3 kila unapopita na ncha za mbao mara nyingi zimepasuka lazima uzikate. Kwa 115 unabaki na nafasi ya kupumua. Zinaingia 1x8 tatu na 2x2 mbili. Mbao ya kwanza inatoa vipande vitatu vya 115, ya pili inatoa cha nne pamoja na vipande vifupi sita vya 40, vinne vya ubavu viwili vya kitako, ya tatu inamalizia kitako na inabaki. Zile 2x2 unatoa nguzo nne za kona zinazoshuka chini ya boksi kama sentimita 8 ziwe miguu, unatoa nguzo mbili za katikati ya ubavu mrefu, na zinazobaki zinakuwa mabega ya kulalia kitako. Pima mwenyewe kabla hujakata, maana mbao ya 8 ikishapita kwenye randa haifiki 8 tena, na 1 inakuwa pungufu ya inchi.

Hiyo nguzo ya katikati wengi wanairuka. Usiiruke. Boksi la ukubwa huu linameza kama lita 140 za udongo, yaani ndoo saba za lita 20, na udongo ukishalowa hapo unaongelea kilo 170 na kuendelea. Uzito wote huo unasukuma ubavu kwenda nje kila siku, bila nguzo ya katikati boksi linavimba tumbo. Na kama unaishi ghorofani, fikiria hizo kilo kabla hujaliweka barazani, na ulijengee palepale litakapokaa maana likishajazwa hakuna wa kulinyanyua.

Kwenye kuunga, skrubu ni bora kuliko misumari, na iwe ile iliyopakwa zinki. Maji ya visima vyetu vingi Dar yana chumvi, ukimwagilia nayo msumari mweusi wa kawaida haudumu, na kwenye mbao za dawa ile shaba inaula haraka zaidi. Toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko skrubu, hasa karibu na ncha, la sivyo paina inapasuka na ikishapasuka hakuna gundi ya kuirudisha. Halafu gundi nyeupe ya kawaida haifai nje, ikilowa inarudi kuwa uji, tafuta iliyoandikwa inahimili maji au usiweke kabisa, skrubu zinatosha. Kitu kingine alinionyesha mzee mmoja fundi wa fenicha pale Keko, angalia ncha ya mbao utaona mistari ya duara ya mti, ule upande uliokuwa karibu na moyo wa mti uutazamishe nje. Mbao ikikauka inajikunja kuukimbia moyo wake, kwaiyo kingo zinaingia kubana nguzo badala ya kuchanua. Nilikuwa nimeshatengeneza maboksi matatu kabla ya kujua hilo na yote kona zilikuwa zimefunguka.

Kitako usikizibe. Acha mwanya wa sentimita moja hivi kati ya kipande na kipande, juu yake tandika kiroba cha mchele kile cha kusukwa, maji yanapita udongo unabaki. Ukutani kwa ndani, baada ya kumaliza rangi, weka nailoni nyeusi nene, igongee kwa pini juu tu karibu na mdomo, usiitoboe toboe huko chini na usiitandaze kwenye kitako, ukitandaza umetengeneza beseni. Wengine wanaweka kokoto chini wakiamini zinasaidia maji kutoka, mimi nimeacha, maji yanasimama kwenye udongo juu ya kokoto kabla hayajashuka na wewe umepoteza kina cha mizizi bure. Miguu nayo iweke juu ya vipande vya marumaru au tofali, isiguse ardhi, na kila ukifagia uchungulie chini kama mchwa wamejenga njia yao ya udongo kupanda mguuni.

Sasa rangi. Paka kipindi cha kiangazi, Juni mpaka Septemba kwetu huku ni raha, masika usijisumbue. Ukishakata na kuunga piga msasa namba 80 kutoa nyuzi afu 120, fuata urefu wa mbao usikate mkato, halafu futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo uache ikauke. Paina ina mafundo yenye utomvu, ukipaka rangi nyeupe juu yake baada ya miezi michache yanatokeza madoa ya njano kahawia hata upake mikono mitano, dawa yake ni shelaki ile mafundi wanayoyeyusha kwenye spiriti, paka kwenye mafundo tu mara mbili kabla ya praima, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe. Zile ncha za mbao zilizokatwa ndo zinakunywa maji kuliko sehemu yoyote, ni kama umekata mirija, zipake praima mara tatu, na ncha za chini za miguu mara nne. Pindua boksi juu chini upake chini yake. Hii sehemu haionekani na mtu yeyote na ndo imeniokolea maboksi yote niliyonayo sasa.

Baada ya mafuta kuniangusha nilihamia rangi ya maji ya nje, ile ya akriliki. Inaruhusu unyevu kidogo kupita kwa hiyo haipasuki malengelenge kirahisi, na mkono mmoja ukikauka masaa mawili mpaka manne unapaka mwingine, wakati ya mafuta unasubiri mpaka kesho, na kwa unyevu wa pwani hata kesho inaweza kukuta bado inanata. Praima mkono mmoja, rangi miwili myembamba. Watu wanapaka mmoja mzito wakitaka kumaliza, juu inakauka chini bado mbichi, inakunjamana kama ngozi ya maziwa. Anza saa tatu asubuhi umande ukishaondoka, saa tano uwe umemaliza au usogee kivulini, jua la saa saba linakausha rangi kabla haijashika mbao. Burashi mpya ipigepige kwenye kiganja kwanza nywele zilizolegea zitoke, na ukipumzika kula iviringishe kwenye mfuko wa plastiki isikauke.

Rangi gani? Nyeusi na kijani kiza zinapendeza sana, ila kwenye jua letu boksi linapata moto na mizizi iliyo karibu na ukuta inaungua, mimi napaka nyeupe ya maziwa au kijivu chepesi. Na kabla hujanunua soma kopo, tafuta iliyoandikwa haina risasi, yaani yale madini yenye sumu (lead), maana mfano wa sheria wa Umoja wa Mataifa unashauri risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni moja na bado siyo kila kopo dukani linafuata. Watoto wanashika boksi afu wanashika mdomo, hili silichukulii kirahisi hata kidogo. Ndani usipake rangi ya aina yoyote, nailoni inatosha.

Ikishakauka kwa mguso usijaze udongo siku hiyo. Iache wiki nzima, rangi inaendelea kukomaa ndani hata kama juu unaona kavu. Udongo nachanganya ndoo tatu za udongo mweusi, mbili za samadi iliyooza vizuri isiyonuka tena, moja ya mchanga wa mto na moja ya pumba za mpunga. Samadi mbichi inachoma miche, hilo halina mjadala. Acha kama sentimita tatu kutoka mdomoni, la sivyo mvua ya kwanza inamwaga udongo ubavuni na rangi yako inapata mistari ya matope.

Kabla ya kupanda chochote mimina ndoo nzima ya maji taratibu, afu chuchumaa uangalie chini. Maji yatoke kwenye mianya yote, kama upande mmoja mkavu boksi limeinama, weka kipande cha marumaru kwenye mguu uliozama. Yakitoka kwenye kona ina maana nailoni imekunjika, itoe uinyooshe sasa hivi wakati udongo bado mlaini, ukishapanda hutarudi tena kuifanya. Mimi huwa naanza na mchicha kwa sababu ndani ya wiki tatu nne unachuma, na ukishachuma wote udongo unabaki wazi, unaweza kuingiza mkono mpaka chini ukapapasa ukuta kuona kama kuna sehemu inalowa.

Kila mwaka kiangazi kikianza napita na msasa 120 kwenye kingo za juu, pale maji ya mvua yanapokaa, napaka mkono mmoja. Nusu saa tu. Boksi nililonalo barazani sasa hivi limeshapita masika sita, na juzi nimelibonyeza kitako kwa kidole kilekile.

Gumu.