Camaro ya 1969 kuzima kwenye taa
Kaka, unasema Camaro yako inazima ukisimama kwenye taa za barabarani na unailaumu kabureta. Kinachokuzimishia gari ukitia D (gia ya kwenda mbele ya otomatiki) ni toku konveta, kile kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi; kabureta umeionea bure. Umefunga kemshafti kali (shafti inayofungua valvu) kwenye injini yako ya 350, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imepanda, halafu konveta ni ile ya kiwandani inayoshika mapema, kwenye mizunguko 1,600 hivi kwa dakika. Lazima iikabe injini. Soma karatasi iliyokuja na kemshafti: kama nguvu inaanzia 2,000, tafuta konveta inayoshika kwenye 2,400 hadi 2,600. Ya 3,500 waachie wa mashindano. Ukiifunga hiyo na difu yako ya 3.08 (uwiano wa gia za ekseli ya nyuma) utachemsha oili tu. Mwambie muuzaji uzito wa gari pia, maana konveta ileile hushika tofauti kwenye gari jingine. Na funga rejeta ndogo ya oili ya giaboksi.