Bledi ya msumeno wa maita wa kuteleza: tazama mwinamo wa jino kabla ya kuhesabu meno

Swali la kwanza dukani huwa meno mangapi. Kwa msumeno wa maita (ule wa mezani unaokata mbao kwa pembe) unaoshuka tu, swali hilo linakufikisha karibu na jibu. Kwa ule wa kuteleza, ambao kichwa chake hukimbia juu ya reli, anza na mwinamo wa jino. Bledi mbili zenye meno 60 kila moja zinaweza kukata kwa tabia tofauti kabisa, moja ikikutii na nyingine ikikupokonya mpini.

Mwinamo hupimwa hivi: chora mstari wa mawazo kutoka katikati ya bledi hadi ncha ya jino. Uso wa jino ukilala mbele kufuata mzunguko, mwinamo ni chanya, na jino huchimba mbao kwa uchu. Ukilala nyuma, mwinamo ni hasi, na jino hukwangua kwa upole. Bledi za kupasulia mbao kwenye msumeno wa meza huwa na nyuzi 15 hadi 20 chanya, na huko zinafaa, kwa sababu unayesukuma mbao ni wewe. Kwenye msumeno wa kuteleza kinachosogea ni bledi yenyewe. Jino lenye uchu huivuta iingie kwenye mbao haraka kuliko mkono unavyotaka, au huinua kipande kutoka mezani. Chagua kati ya nyuzi 5 hasi na 7 chanya. Namba hiyo mara nyingi huchapwa kwenye pakiti au kwenye mwili wa bledi. Isipoandikwa popote, tafuta bledi iliyotajwa wazi kuwa ni ya msumeno wa maita.

Mwinamo mdogo haufuti kosa la mkono. Vuta kichwa kwako kikiwa juu, washa, subiri bledi ishike kasi yake yote, shusha, kisha sukuma kuelekea ukuta wa kuegemezea, yaani kizuizi cha nyuma ya meza ambacho mbao huegemea. Ukikata huku unavuta, meno hupanda juu ya mbao na kichwa kizima kinakuja upande wako.

Sasa meno. Kwa bledi yenye kipenyo cha milimita 254, meno 40 yanatosha mbao za paa na fremu ambazo hakuna atakayeziangalia kwa karibu. 60 ndiyo ya kazi za kila siku. 80 ni ya fremu za picha, mikanda ya ukuta na mbao za fanicha. Kwa milimita 216, hesabu 48 kwa kazi za kawaida na 60 au 64 kwa kazi safi. Kwa 305, ni 80 na 96. Meno mengi si bora kila mahali. Nafasi kati ya jino na jino ndiyo inayobeba unga wa mbao kutoka kwenye mkato, na meno yakisongamana nafasi hiyo hujaa mapema. Kwenye mbao nene unga unabaki ndani, joto linapanda, na mkato unatoka na michirizi ya kuungua. Mafundi wengi hudhani bledi imekufa, kumbe wameipa kazi isiyo yake.

Umbo la ncha nalo lina neno lake. Alama ya ATB kwenye pakiti ina maana kwamba meno yamechongwa mshazari kwa zamu, moja kushoto na moja kulia, na ncha hizo kali hukata nyuzi za mbao kabla hazijachanika. Hiyo ndiyo ya mbao na plaiwudi. TCG ni jino lililokatwa pembe zake mbili likifuatwa na jino bapa, na limeundwa kwa ajili ya kukata melamini (mbao zilizofunikwa tabaka gumu la plastiki), plastiki ngumu na alumini.

Kwa alumini tumia TCG yenye mwinamo hasi, na kwanza hakikisha kitabu cha mashine kinaruhusu. Bana kipande kwa klempu, paka nta kidogo kwenye meno, na ondoa mfuko wa vumbi la mbao, maana chembe za alumini zenye moto zinaweza kuuwasha. Chuma cha pua na nondo zisikaribie bledi hizi kamwe.

Unene wa mkato uchague kulingana na nguvu ya mota. Bledi nyembamba hukata njia ya milimita 2.4 hivi, nene 3.2. Mashine ya betri au yenye mota ndogo hupumua vizuri zaidi na nyembamba. Tatizo lake huonekana unapokata mbao ngumu huku kichwa kimelazwa nyuzi 45: mwili mwembamba hupinda kidogo na uso wa mkato unatoka na tumbo. Kama mota ina nguvu na kazi yako ni maungio ya pembe, sisi tungechukua nene bila kusita.

Kabla ya kulipa, linganisha mambo matatu na kibao cha mashine: kipenyo, shimo la katikati, na kasi. Kasi ya juu iliyoandikwa kwenye bledi lazima ifikie au izidi mizunguko ya mashine kwa dakika. Mashimo hutofautiana: milimita 15.88, 25.4 na 30 ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Shimo kubwa kidogo hurekebishwa kwa pete maalumu, mradi pete iwe nyembamba kuliko mwili wa bledi ili flenji, yaani visahani viwili vinavyoibana bledi pande zote, zibane bledi yenyewe. Usitoboe shimo dogo ulipanue. Bledi itazunguka nje ya kitovu chake.

Unapofunga, chomoa umeme au toa betri. Bonyeza kitufe cha kufungia shafti, kisha legeza bolti. Kwenye mashine nyingi hulegea ukiizungusha kufuata mshale wa saa, kinyume cha bolti ya kawaida, na hapo ndipo watu huiharibu kwa kuikaza zaidi. Futa flenji zote mbili: chembe moja ya unga ikibaki, bledi nzima huyumba. Mshale wa bledi ufanane na wa mashine, na meno ya chini yaelekee ukuta wa kuegemezea. Izungushe kwa mkono kabla ya kurudisha umeme.

Mkato wa kusukuma huwa safi chini na huchanika juu, kwa kuwa meno hutokea upande wa juu. Kwa hiyo ubao mpana uweke uso mzuri chini, juu ya kipande cha plaiwudi cha kutupa.

Bledi ikianza kuunguza, kagua utomvu kwanza. Iloweke kwa dakika kumi na tano kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, isugue kwa brashi ya plastiki, ikaushe kabisa, kisha ipake mafuta mepesi. Dawa kali ya kusafishia oveni iache, maana inaweza kudhoofisha ncha za kabaidi, ile metali ngumu iliyobandikwa kwenye meno. Ikibaki butu baada ya hapo, peleka kwa mnoaji mwenye mashine ya kunolea kabaidi, umwambie mwinamo usibadilike. Ncha moja ikiwa imeng'oka au mwili una ufa, usiifunge tena.