Msimfungie ndani kaka yenu

Pole sana dada. Umesema kaka yako hapo Tukuyu anaamkia gongo, mikono inatetemeka mpaka apate ya kwanza, na ukoo umekubaliana mumfungie chumbani wiki nzima aache. Nakuomba sana, msifanye hivyo. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka, homa, kuona vitu visivyokuwepo, hata kifo. Sisi tulimfungia baba mdogo kwa nia njema. Usiku wa pili tulimbeba kwenye bajaji hajitambui. Alipona, namshukuru Mungu, lakini usiku ule siusahau.

Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, mkaulizie huduma ya afya ya akili. Semeni ukweli wote: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Kuna dawa za kumtuliza wakati pombe inatoka, na vitamini B1, maana mnywaji asiyekula vizuri huumia ubongo. Hizo ni siku za mwanzo tu. Ushauri nasaha na kurudi kliniki vitachukua miezi, na nyumbani pombe isiwepo hata ya sherehe.

Mkipelekwa soba hausi, yaani nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, mkakuta watu wamefungwa minyororo, ondokeni naye.

Na kama kuna heroini pia, Mbeya kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, bure. Namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya haina malipo.