Trela ya kukunja kwa RAV4: turubai au kuta ngumu?

Dada, umeuliza Toyota RAV4 yako itaweza kuvuta trela ya kukunja (ile ya kulala kambini, unaikunja ukisafiri na kuifungua ukifika) hapo Minnesota, na kama uchukue ya turubai au ya kuta ngumu kama Aliner. Kwanza angalia gari lenyewe, maana RAV4 za petroli za 2019 kuja juu nyingi zinavuta uzito wa pauni 1,500 tu, ni matoleo ya Adventure na TRD ndo yanafika 3,500. Na usidanganyike na uzito wa tangazo, ule ni wa trela tupu, weka betri, mtungi wa gesi, maji (galoni moja tu pauni 8 na kitu), mizigo ya watoto, utashangaa. Mzigo mzito uweke mbele ya ekseli kidogo, ukirundika nyuma trela itayumba barabarani hadi ukome.

Mi ningechukua kuta ngumu. Turubai ina nafasi zaidi ya kulala kweli, ila ukiikunja imelowa lazima uifungue nyumbani ikauke, usipofanya hivyo ukungu unaingia na ile harufu haitoki ng'o. Halafu kuna kambi zilizo sehemu zenye dubu, mfano Fishing Bridge kule hifadhi ya Yellowstone, turubai hawaruhusu kabisa.

Ukienda kuona ya mtumba mwambie muuzaji aifungue na kuifunga mbele yako, bonyeza sakafu kwenye kona kama inabonyea, na soma tairi ubavuni, zile tarakimu nne za mwisho, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, tairi za zamani hivyo badilisha hata kama zinang'aa.