Waulizeni Wanaokaa Hapo

Mmeuliza wiki hii: katika kanuni za maendeleo endelevu, ni ipi inayozibeba nyingine? Najua wengi watataja ile ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1987, kwamba tutimize mahitaji yetu bila kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kutimiza yao. Naiheshimu sana. Lakini jibu langu ni kuwashirikisha wananchi, tena kabla jembe la kwanza halijagusa udongo.

Kwetu Mathare, mtaa wa Nairobi, ulichimbwa mtaro wa kupeleka maji ya mvua mtoni. Mkandarasi alikuja na ramani yake, akapigilia vigingi, kazi ikaanza. Mama mmoja anayeuza mboga pale kwenye kona miaka mingi aliwaambia vijana wa mjengo kwamba maji ya masika hayapiti hapo; huteremka nyuma ya choo cha ploti, kisha hukata kulia. Aliwaonyesha kwa kisu kilekile cha kukatia sukuma. Hakuna aliyeandika neno lake.

Masika yalipofika, maji yalifuata njia ya mama yule hatua kwa hatua. Tuliamka usiku wa manane tukipandisha magodoro juu ya meza, watoto wamebebwa mgongoni, na ule mtaro wa saruji haukuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Pesa za umma zilikuwa zimeshatumika. Watakaolipia kuurekebisha ni hao watoto. Basi hata deni la vizazi vijavyo lilianzia kwa mtu aliye hai, aliyesema asisikilizwe.

Nairobi tumeliona hili kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 lilikusudiwa kusimamishwa Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya jiji. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua za kulipinga, akakejeliwa hadi bungeni, hakunyamaza, na mpango ukafa. Jumapili nikipita pale naona familia zimeketi kwenye nyasi.

Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi na maendeleo endelevu pamoja, kama maadili ya taifa. Ila kikao kikiitwa Jumanne saa nne asubuhi, na karatasi zote ni za Kiingereza, atakayekuja ni nani? Kiitwe Jumapili alasiri, kwa Kiswahili, na ramani itandazwe pale pale mtaro utakapopita.