Mbuta Aliyetema Ndoana, na Barua Nyingine za Msimu

Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie siku moja ya msimu huu wa uvuvi ambayo hadi sasa mnaisimulia nyumbani hata kama wasikilizaji wamechoka, na kila mtu aweke swali lake chini. Barua zimekuja, asanteni. Nyingi mno zinataja kilo na basi: "Madam, wa kilo kumi na mbili," sahihi, mwisho. Hizo nimeziweka kando. Kilo ni za mchuuzi na mizani yake. Mimi nilitaka kujua mshipi ulifanya nini mkononi mwako, na walioeleza hilo ndio ninaowajibu.

"Madam, hujambo? Tulikuwa watatu kwenye boti baina ya visiwa vya Rusinga na Takawiri, Ziwa Victoria, jua likielekea kuzama. Chambo changu cha bandia kilipigwa kwa kishindo, rili ikalia. Nilivutana naye hadi mikono ikafa ganzi. Halafu akaruka, mwili mzima nje ya maji, mdomo wazi. Akatikisa kichwa, ndoana ikarudi kwetu ikapita karibu na sikio la nahodha. Mwenzangu mmoja anasema nilivuta mno, mwingine anasema nililegeza. Nani mkweli?" – Kijana wa Mbita

Pole, mwanangu. Mkweli ni huyo wa pili, ingawa naye hakukuonya wakati ulipofaa, kwa hiyo asijisifu.

Mbuta, yaani sangara, akiwa ndani ya maji, maji yenyewe yanakusaidia kuukaza mshipi. Akitoka hewani msaada huo umekwisha. Mdomo wake ni mpana na mifupa yake migumu, kwa hiyo mara nyingi ndoana haijazama popote. Imeshika ukingo tu, na kinachoizuia isidondoke ni mvuto wako. Akitikisa kichwa huku mshipi umelegea hata kidogo, uzito wa chambo unaing'oa ndoana. Hapo hakuna ujanja wa samaki.

Lakini mbuta hupiga hodi kabla ya kuruka. Tazama pale mshipi unapoingia majini. Akiwa chini, unaingia karibu na boti, umesimama. Akianza kupanda, mahali hapo panasogea mbali nawe kwa haraka na mshipi unazidi kulala. Ukiona hivyo una sekunde chache: shusha ncha ya ufito hadi karibu iguse maji, ielekeze pembeni, na uzungushe rili bila kusita. Ncha ikiwa chini, wengi hawaruki kabisa. Hugeuka tu juu ya maji na kupiga mkia. Unalowa uso, samaki anabaki.

Kagua vifaa pia. Jaribu ndoana kwenye ukucha wa dole gumba: ikiteleza ni butu, ikikwama ni kali. Na kila baada ya samaki, pitisha vidole kwenye mshipi, ule urefu wa mkono mmoja wa mwisho. Mbuta hana meno ya kukata, ila mdomo wake unakwaruza kama msasa, na mashavu yake yana miiba. Mshipi uliochubuka ukate, ufunge upya, usiuhurumie.

Hukutaja kilo, nami nashukuru, ila najua unajiuliza. Maji hayo hayo ya Rusinga yalitoa mbuta wa kilo 86 mwaka 1991, kwa ufito, na ilikuwa rekodi ya dunia kwa wakati wake. Sasa rekodi iko Ziwa Nasser kule Misri: kilo 104, mwaka 2000. Wako angekuwa mkubwa hivyo ningekuomba umpige picha umrudishe. Wakubwa wengi ni majike, na jike mmoja hubeba mayai kwa mamilioni. Najua kuna watakaonijia juu: mbuta ni mgeni, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 akawafyeka fulu wetu, wale samaki wadogo wa asili, tumhurumie kwa lipi? Sawa. Lakini mama anayekaanga mgongo wazi pale Obunga, ile mifupa inayobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa, hasomeshi watoto kwa fulu.

"Madam, mimi ni mama wa watoto wawili, nauza omena Kendu Bay. Mwaka huu nilinunua ufito wangu mwenyewe. Mzee mmoja jirani aliniambia mwanamke akishika vyombo vya uvuvi samaki hukimbia. Wiki hiyo hiyo nikanasa ngege kwenye mawe. Nilipomfungua mdomo nitoe ndoana, vitoto vilimwagika kwenye kiganja changu, macho mawili na mkia basi. Niliogopa, nikamtupa majini yeye na vitoto vyake. Nilifanya vyema? Na yule mzee nimjibuje?" – Mama Omena

Ulifanya vyema sana, mama, na hii ndiyo barua niliyoisoma mara nyingi kuliko zote.

Dume la ngege (tilapia) huchimba kiota kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyaweka mdomoni. Yanaanguliwa humo humo. Vitoto vikianza kuogelea bado hubaki karibu na kichwa cha mama, na vikitishwa hurudi ndani vyote. Wakati huo mama hali, au anakula kidogo mno, ndiyo maana kumpata kwa ndoana ni bahati ya nadra. Huenda hakuwa na njaa: kitu kigeni kilipita karibu na watoto wake akakivamia.

Siku nyingine usimtupe. Lowesha mikono kwanza, mkavu humtoa utelezi unaomkinga na magonjwa. Mshushe pale pale ulipomtoa, mshike wima hadi apige mkia mwenyewe, na vile vitoto uvimimine karibu na kichwa chake. Vingine vitarudi mdomoni, vingine vitaliwa kabla hujanyanyua macho. Halafu sogea ukavue kwingine, maana hapo ulipo ni wodi ya wazazi.

Huyo wako yaelekea ni nyamami, ngege aliyeletwa. Ngege wetu wa asili ametoweka karibu ziwa zima. Ukimtaka nenda Ziwa Kanyaboli, kule kwenye kinamasi cha Yala, ambako mbuta hakumfikia.

Kuhusu mzee, usimjibu neno. Mpelekee ngege aliyekaangwa, mkubwa, na kachumbari pembeni. Akimaliza kula, muulize samaki wamekimbilia wapi. Nami navua kwenye mawe ya Dunga tangu nilipostaafu kufundisha, na hajatokea samaki aliyeniuliza kama mimi ni bibi au babu.

"Shikamoo Madam. Maji ya mafuriko ya Nyando yalipopungua, mimi na kaka yangu tulinasa kamongo kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, kwa nyungunyungu. Tulimtia guniani tukamwacha jikoni usiku kucha. Alfajiri mama alipiga nduru: gunia linatembea! Bibi anasema huyo si samaki, ana mizimu, na amekataa kumla. Ni kweli?" – Mwanafunzi, Ahero

Marahaba. Mwambie bibi ana mapafu, mizimu hana. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa, na ukimzuia asipande atakufa maji, samaki mzima. Ndiyo sababu ukikaa kimya kando ya mafunjo utasikia mlio mfupi wa kuvuta pumzi, kisha mviringo wa mawimbi, na huoni kitu. Gunia likiwa na unyevu anaweza kulala humo na kuamka mzima. Hata dimbwi likikauka, hujichimbia topeni na kungoja mvua miezi kadhaa.

Kinachonitia hofu katika barua yako ni kwamba hukusema mlimtoaje ndoana. Taya zake ni za kuvunjia makombe ya konokono, na kidole ni laini kuliko konokono. Kamongo akinaswa, kata mshipi, ndoana utaitoa akishakufa. Ukiwa naye botini, mfunike kichwa kwa gunia lililolowa, na miguu iwe ndani ya viatu.

"Saa tisa tulikuwa nje ya Hippo Point, ngege wanakula vizuri. Tulipogeuza boti turudi, hapakuwa na njia, kijani tupu hadi ufukweni. Gugu maji likasonga injini, tukalala majini tukiwaona watu wakinywa chai nchi kavu. Tungejuaje?" – Baba wa Nyalenda

Kwa upepo, baba. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, na upepo hutoka ziwani kuja mjini; gugu lote lililoelea ghubani hufuata na kujibana Kisumu. Usiku hadi asubuhi upepo hugeuka, ukalirudisha nje. Kwa hiyo ukitoka alfajiri ukaona maji safi, usifurahi: uliza gugu liko wapi. Likiwa limelala nje ya ghuba, panga kurudi kabla ya saa sita.

Likishakufunga, zima injini kabla haijaungua, na uinue pangaboi. Asishuke mtu kutembea juu ya gugu hata likionekana gumu. Chini yake ni maji, na kuna nyoka na viboko. Pigia simu watu wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, vaeni jaketi za kuokolea maisha, mngoje upepo wa nchi kavu. Mlivyofanya, kwa kifupi, ila bila zile jaketi, ambazo barua yako, kwa kutozitaja, imeniambia hamkuwa nazo.

Msomaji wa Kakamega anauliza siku yangu mimi. Ilikuwa asubuhi bila samaki hata mmoja. Mdiria mweusi kwa mweupe alitua kwenye ncha ya ufito wangu, akatazama maji yale yale niliyokuwa nikiyatazama. Boya likazama. Tulishtuka sote wawili, na yeye ndiye aliyeondoka na samaki, mdogo, kutoka mita moja mbele ya ndoana yangu.

Na wewe wa Usenge uliyenisimulia usiku mtamu wa omena na taa za sola: barua nimeisoma, tarehe yake pia nimeisoma. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, wewe unaniandikia habari za Mei. Sikujibu.

"Nilikuwa Naivasha, chambo ni donge la ugali. Nilidhani nimekwama kwenye gogo, nikavuta polepole. Gogo likaanza kuondoka. Alikuwa kapi, mnene, mwenye magamba makubwa. Mke wangu anasema ana harufu ya tope na mifupa isiyoisha. Nifanyeje asimtupe tena?" – Mvuvi wa Jumapili, Nakuru

Kapi kweli havuti kwa hasira. Huinamisha kichwa na kwenda zake, na mtu asiyemjua hukata mshipi akidhani ni mzizi. Aliingia Naivasha karibu na mwisho wa miaka ya 1990, na kwa miaka kadhaa ndiye aliyejaza boti za pale. Hula akifukua tope, ndiyo harufu hiyo.

Mkeo yuko sahihi kwa yote mawili, kwa hiyo usibishane, ingia jikoni wewe. Toa magamba na ngozi, kisha ukate ile nyama nyeusi iliyopita ubavuni, maana tope limekaa humo. Loweka kwa ndimu na chumvi. Mifupa yake midogo ina panda na imejificha katikati ya nyama, huwezi kuichambua. Chanja minofu kwa kisu kikali, mistari myembamba iliyokaribiana, hadi usikie kisu kikikwaruza mifupa. Mafuta yawe mengi na yachemke kweli. Mifupa iliyokatwa hivyo hukauka na kutafunika. Mkaange wa kwanza mmoja, muonje wawili, kabla hujaalika shemeji zako.